Ndege Ambao Hakuna Aliyewaona

Sallowham, Norfolk
Aprili 3, 1996

Mzee Edmund,

Kaa kwanza. Na kama yule Dada Beryl anayekuhudumia hapo nyumba ya wazee amesimama nyuma yako, mtume akakuletee chai, maana haya si ya macho yake.

Wamekuja.

Mzee, wamekuja! Korongo! Wawili, wa kijivu, warefu kama watoto wa darasa la tatu, kwenye matete ya upande wa kusini, pale pale ulipokuwa ukituonyesha kwa bakora yako ukisema "hapa watatua siku moja", na sisi tunatazamana kwa kukuonea huruma. Nimewaona leo asubuhi. Nilidhani ni kondoo wa Percy wametoroka tena. Kisha mmoja akainua shingo. Mimi Hilda Garrod, niliyekuwa nanyamazisha shule nzima kwa jicho tu, nikakaa kwenye matope nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa peremende.

Na hawapiti njia tu. Wanajenga kiota! Dume anang'oa matete, jike anayapanga upya kwa sababu hakupanga vizuri. Nimewapenda hapo hapo.

Sasa, sheria uliiweka mwenyewe ulipokuwa mwenyekiti wa hifadhi yetu: kiota hakitajwi, hata kwenye bodi. Sijasahau ile mara kiota cha kipanga kilipotajwa kikaoni, kwenye chai na biskuti tu, na Jumapili yake wezi wa mayai wakawa wameshapita. Kwa hiyo hakuna mdhamini hata mmoja atakayelisikia hili kutoka kwangu. Wewe umeshatoka kwenye bodi, hivyo kukuambia wewe si kuvunja sheria. Nimeligeuza jambo hili pande zote, liko sawa. Lakini niapie.

Hasa Clem asijue. Mweka hazina kama yeye hatutampata tena, na jirani kama yeye pia, lakini mdomo wake hauna breki. Ukimwambia jambo saa nne, saa sita lipo baa.

Mpango wangu ni huu: nitafunga lango la maji kidogo kidogo hadi njia ya watembeaji ijae maji, watu wageuke wenyewe. Nikiulizwa nitasema lango ni bovu.

Mwenyekiti wako aliyechanganyikiwa kwa furaha,
Hilda


Sallowham
Ijumaa Kuu, Aprili 5

Mzee wangu Edmund,

Weee! Nianzie wapi? Nilikuwa juu ya ngazi nasafisha sanduku la bundi, nikasikia sauti kama mtu anapuliza tarumbeta ndani ya pipa. Nikageuka. Korongo, Mzee! Wawili! Wanacheza! Wanarukaruka na kuinamiana kama watu wa harusi waliolewa pombe. Nikashuka na mimi nikacheza, peke yangu, daktari wa mifugo mstaafu na goti bovu, hadi nikatumbukia mtaroni na chupa yangu ya chai. Sijaumia. Chupa ndiyo imekufa.

Siwezi kufunga mdomo wangu kwa kucheka, na siwezi kuufungua, kwa sababu ya sheria yako. Kwa hiyo nakuambia wewe tu. Apa kwamba hutamwambia mtu.

Na hasa usimwambie Hilda! Mtu mwema sana yule, ila hajui kusema uongo. Mtu akimuuliza tu, "Kule kusini kuna nini?" anakuwa mwekundu kama nyanya, na siri imekwisha. Tena atataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na katibu wetu Olive aipige chapa nakala saba.

Nimeshapanga ulinzi. Nimemwomba Percy amhamishie fahali wake, aitwaye Askofu, kwenye malisho ya kusini, kando ya njia. Askofu ni mpole kuliko hata Mchungaji Alban, lakini uso wake haujui hilo. Hakuna mtembeaji atakayethubutu kupita.

Wahuni nao wanatusumbua. Wametundika kibao cha "HADHARI: NYOKA" njiani na kupigilia misumari mlango wa kibanda cha kutazamia ndege. Kwa mara ya kwanza nimewashukuru wahuni.

Wako anayeruka ruka,
Clem


Nyumba ya Wazee ya Marram
Aprili 9

Hilda mwanangu,

Nimeapa. Sijalala usingizi wa maana tangu barua yako ifike, na Beryl amenipima homa kwa sababu nacheka peke yangu kwenye uji. Anataka kujua kuna nini. Huyu binti anasoma hata bahasha.

Unajua niliponunua ile ardhi, baba mkwe wangu aliuliza mbele ya watu wote, "Edmund, umenunua nini pale?" Akajijibu mwenyewe: "Matope." Baa nzima ikaniita Bwana Matope. Mke wangu Maud ndiye pekee aliyekuwa akisema watakuja. Hakuwahi kuwaona. Kwa hiyo, tafadhali, hao ndege watunze kama mboni ya jicho lako.

Na hayo maji, mwanangu, polepole. Korongo hujenga chini, karibu kabisa na maji. Ukiyapandisha kupita kiasi utazamisha mayai.

Kaa vizuri na Clem. Sina maana yoyote, nasema tu.

Edmund


Marram
Aprili 9

Clem,

Nimeapa. Sasa nisikilize. Fahali akisikia joto anafuata matope, na matope yote ya pale yako kwenye matete. Mweke mbali.

Na uzungumze na Hilda. Sijasema mzungumze nini. Nendeni mkanywe chai tu, mtazamane.

Edmund


Sallowham
Aprili 15

Mpendwa Clement,

Nimepita malisho ya kusini nikakuta fahali. Percy anasema ni agizo lako. Naomba kujua ni lini bodi iliamua kwamba hifadhi yetu sasa ni zizi. Jana alikuwa ameshaingia kwenye matete hadi tumboni. Kwenye matete, Clement! Naomba aondolewe leo.

Nimekuja kugonga mlangoni kwako mara mbili, ukajifanya hupo. Pazia lilitikisika.

Hilda Garrod
Mwenyekiti


Sallowham
Aprili 16

Ndugu Mwenyekiti,

Askofu yuko pale kwa sababu za malisho, ambazo kama daktari wa mifugo nazifahamu na kama mwalimu huzifahamu.

Na mimi nina swali. Nani anafunga lango la maji? Percy amekuona. Unataka kuzamisha kusini yote? Leo nimelifungua. Nitalifungua na kesho.

Sikujificha. Nilikuwa naoga.

C. Larter
Mweka Hazina


Sallowham
Aprili 20

Bwana Larter,

Ndiyo, nilimtoa fahali. Nilifungua geti, naye akatoka kwa hiari yake. Sikumtuma aende kwenye kabichi za Mchungaji Alban. Nilikwenda kuomba radhi nikategemea makelele, lakini Mchungaji alinitazama kwa upole wa ajabu akasema, "Alikuwa anapita tu. Mrudishe popote mnapoona panafaa." Hata yeye umeshamvuruga akili.

Lango la maji nimelifunga, na sasa lina kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu. Usinichezee.

H. Garrod


Sallowham
Aprili 21

Bi Garrod,

Tumekaa bodi moja tangu nikiwa na nywele. Tumepanda miti kwenye theluji, tumebeba vyura kwa ndoo kuwavusha barabara, na mke wangu alipofariki ulikuwa unaniletea supu kila jioni. Nilidhani nakujua.

Usipolifungua hilo lango, nitaitisha kikao maalumu na kuomba kura ya kutokuwa na imani na mwenyekiti. Sitapenda kuuinua mkono huo, lakini nitauinua.

C. Larter


Sallowham
Aprili 24

Mzee Edmund,

Wametaga! Mayai mawili! Pengine yapo wiki mbili sasa, ila leo ndipo nimeyaona kwa darubini jike alipoinuka. Nilitaka kuruka, nikakumbuka kwamba nina miaka sabini na moja na niko juu ya mti.

Lakini furaha yangu imeingia mchanga. Clem amebadilika. Kila kukicha yuko kusini, anachungulia, analirudisha lile dude la Percy. Sijui nini kimempata. Na sasa anataka kunitoa kwenye kiti. Anitoe! Kiti nitampa, ila si kabla vifaranga havijaruka. Nitalinda lile lango hata kwa kulala juu yake. Maji yamepanda vizuri, njia haipitiki kabisa.

Nimelia jana, nakwambia ukweli. Si kwa sababu ya kiti. Kwa sababu ni Clem.

Hilda


Sallowham
Aprili 25

Mzee,

Hali ni mbaya. Maji yamefika ukingoni mwa kiota. Jike anajitahidi kuongeza matete lakini yanalowa kabla hajayapanga. Hilda ameweka kufuli kwenye lango, na redioni wanasema Jumamosi inakuja mvua kubwa kutoka baharini. Mvua hiyo ikikuta lango limefungwa, mayai yamekwenda.

Siwezi kumwambia kwa nini, sheria ni sheria, na hata nikisema hatanisikiliza. Kwa hiyo nimenoa shoka. Ijumaa jioni navunja lango lote. Atanipeleka polisi. Sawa tu. Nimwambie polisi nini? Sitasema kitu. Wanifunge na siri yangu.

Clem


Marram
Ijumaa, Aprili 26, asubuhi

Hilda na Clem,

Barua hii ni moja, nimeiandika mara mbili. Kila mmoja wenu anayo hivi sasa, imeletwa na mtoto wa dada yake Beryl kwa pikipiki, maana posta ingewafikia Jumatatu na Jumatatu kutakuwa hakuna kitu cha kuokoa.

Nyie wapumbavu wangu wawili ninaowapenda, mnaficha kitu kimoja!

Hilda, Clem anajua. Clem, Hilda anajua. Mlijua ndani ya wiki moja ile ile, kila mmoja ameniapisha dhidi ya mwenzake, na mimi nimekaa hapa kama mtu aliyemeza ndizi mbili kwa mpigo. Hilda, maji yako yanazamisha kiota. Clem, fahali wako atakikanyaga. Hakuna msaliti kati yenu. Kuna walinzi wawili wanaopigana gizani juu ya mali ile ile.

Nimeweka sheria mwenyewe na leo naivunja mwenyewe. Mkitaka kuninyang'anya cheo cha rais wa heshima, kichukueni, kazi yake ilikuwa kula keki mara moja kwa mwaka. Lakini kwanza kimbieni. Lango!

Edmund


Sallowham
Aprili 28

Mzee wetu Edmund,

Nilikimbia. Sijui nilipita wapi, najua tu nilifika nimevaa gambuti moja. Na pale kwenye lango nikamkuta Clem na shoka mkononi, koti la mvua juu ya nguo za kulalia, saa tisa ya mchana, kwa sababu barua yako ilimkuta amejipumzisha kabla ya kwenda kufanya uhalifu wake. Barua ilikuwa mfukoni mwake. Yangu nilikuwa nimeishika kwa meno.

Tulitazamana. Akasema, "Jike au dume ndiye anayepanga vizuri?"

Nikasema, "Jike."

Basi akaangusha shoka akacheka, na mimi nikacheka, halafu sote tukalia, halafu akapiga kelele, "Ufunguo, mama, ufunguo!" maana tulikuwa tumesimama pale kama watu wasio na kazi. Kufuli lilikuwa limekwama. Tulilisukuma wote wawili, yeye akilitukana kwa maneno ya zizini ambayo sikujua anayajua, hadi likafunguka. Maji yakaondoka kwa kishindo.

Kisha tukajilaza kwenye tuta na darubini moja, tunapokezana. Mzee, maji yalikuwa yanalamba mayai! Jike alikuwa amesimama tu, hajui afanye nini. Tulisubiri. Clem alinishika mkono akaufinya hadi vidole vikafa ganzi. Mvua ikaanza, haikungoja Jumamosi. Ikatunyeshea, na jike bado amesimama. Nikasema tumewaua. Clem akasema, "Nyamaza, tazama." Maji yalikuwa yameshuka, kitako cha kiota kimeonekana, na jike anainama, anavuta tete moja, anaangalia, anavuta jingine. Halafu akageuza mayai kwa mdomo, taratibu, akayakalia.

Hatujui kama yatafaa. Yalipata baridi. Clem anasema kuna matumaini, na hiyo ndiyo sauti aliyokuwa anawapa watu kuhusu ng'ombe zao, kwa hiyo sijui niiamini vipi.

Amenitaka radhi. Nami nimemtaka radhi. Alikuwa kweli anaoga siku ile, amenionyesha taulo.

Hilda


Sallowham
Mei 11

Mzee Edmund,

KIFARANGA! Kimoja! Yai la pili halikufaa, lakini kimoja kimetoka, rangi ya keki ya tangawizi, kinamfuata mama yake kikianguka kila hatua tatu. Hilda aliponiambia nilimbeba juu. Goti limenikumbusha baadaye.

Sasa nikupe habari za kikao cha jana, maana bado sijapona.

Tuliandaa uongo wetu wiki nzima. Ajenda ya nne, kufunga upande wa kusini hadi mwisho wa Agosti. Hilda alikuwa na hotuba kuhusu mbao za daraja zilizooza, ameifanyia mazoezi mbele ya kioo asiwe mwekundu. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kwato. Hilda akasoma ajenda, akavuta pumzi, na kabla hajafungua mdomo Olive akasema, "Naunga mkono." Mchungaji Alban naye, "Naunga mkono." Na wale wengine watatu mikono juu, bila neno. Bodi hii, Mzee! Bodi iliyogombana saa nzima juu ya rangi ya geti!

Hilda akauliza, "Hakuna mwenye swali?" Mmoja anatazama dari, mwingine anahesabu biskuti. Ndipo nikaona kucha za Olive zina rangi ya kijani, ile ile ya kibao cha nyoka. Nikaona Mchungaji ana bendeji kwenye dole gumba, kama mtu asiyezoea nyundo aliyejaribu kupigilia misumari mlango wa kibanda. Nikamkanyaga Hilda mguu chini ya meza. Alikuwa ameshaona. Alikuwa mwekundu kama nyanya.

Tukafika Mengineyo. Mchungaji akakohoa. "Kama ingetokea," akasema, "nasema kama, vitu viwili vikawa vitatu, je, tungeambiana?"

Olive hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Vitu gani, Mchungaji?"

"Hakuna vitu."

"Basi hakuna cha kuambiana. Niandike nini?"

Hilda akasema, "Andika kwamba hakuna aliyeona kitu."

Imeandikwa hivyo, nakala saba. Halafu Mchungaji akatoa pai ya kabichi, na tulicheka hadi mlinzi wa ukumbi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jiandae mwisho wa Julai. Percy anafunga kiti chako nyuma ya trekta.

Clem


Marram
Julai 31

Hilda na Clem, wanangu,

Mgongo unaniuma, suruali imejaa tope la trekta la Percy, na sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Mlinificha vizuri kwenye yale matete, na mlinyamaza, jambo ambalo sikulitegemea kwa Clem. Niliwaona. Wote watatu. Mlidhani nimesinzia pale nilipofumba macho. Sikusinzia. Nilikuwa namwambia Maud. Na nilipoyafumbua yule mdogo alikuwa anakimbia, anapiga mabawa, anakimbia, nikajisemea atajikwaa tena, na hakujikwaa. Akapaa! Alipita juu ya vichwa vyetu chini chini kiasi kwamba nilisikia manyoya yake. Nilimngoja huyo ndege tangu nikiwa na meno yangu yote.

Sasa mtulie, kuna jambo. Mnaona haya kwamba nilivunja viapo viwili kwa ajili yenu. Msione. Barua ya kwanza kunifikia haikuwa ya Hilda. Ilikuwa ya mtu mwingine, Machi, siku walipotua. Ikafuata nyingine, na nyingine. Mkiona nimevunja viapo viwili, jueni kuna vitano bado navitunza, na sitawaambia vya nani.

Niliporudi Beryl alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Ameona trekta, ameona tope, ameona macho yangu yalivyovimba. Akaniuliza, "Mzee Edmund, wamekupeleka kote kule ukaone nini?"

"Matope, mwanangu," nikamwambia. "Matope matupu."

Akanionea huruma, akaniongezea keki.

Edmund Kerridge